Kuni za Meli

Wiki iliyopita nilirudi Marshalltown, hapa Johannesburg, kuchukua sanduku ambalo sikulitaka. Msimamizi wa jengo letu la zamani alinipigia simu nikiwa kazini Midrand. Akasema wanasafisha stoo ya chini, na humo kuna sanduku la mbao limeandikwa jina langu kwa wino mnene, limekaa hapo tangu mwaka 2019, na nisipokuja kabla ya Jumamosi litakwenda jalalani. Nikamwambia alitupe, nikakata simu. Dakika kumi baadaye nikampigia tena: usiliguse, nakuja. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu, mdomo wangu hutangulia na akili inafuata nyuma ikihema.

Jengo lile silipendi na halijawahi kunipenda. Ghorofa saba, lifti iliyokufa kabla hatujahamia, ngazi zenye harufu ya mkojo na ya amagwinya, maandazi ya huku, aliyokaanga mama mmoja wa spaza, kiduka cha mtaani, pale chini tangu alfajiri. Tulikaa ghorofa ya nne, watu watatu: mimi, Mama aliyekuwa akisuka watu nywele kando ya barabara, na Bibi, mama mzazi wa Mama, aliyetoka upande wa Kindu, ukingoni mwa Mto Lualaba huko Kongo. Jumamosi Bibi alitwanga sombe, yaani kisamvu, kwa kinu cha mbao na jengo zima lilijua. Wa ghorofa ya tatu waligonga dari kwa mpini wa ufagio. Bibi akasema, "Haya, wamenipigia ngoma," akazidisha. Halafu mawese yakaanza kuchemka na makayabu, samaki wa chumvi, yakatiwa, na njaa ikanishika hata kama nimetoka kula sasa hivi.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mzee wa Polandi. Alifika Johannesburg akiwa kijana, akatengeneza mashine za migodini mpaka akastaafu. Mkewe alifariki, watoto wakahamia mbali, na Wazungu wenzake walikimbia jengo lile mmoja mmoja, yeye akabaki. Bibi alisema amebaki kwa ubishi tu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa, na kila wiki alimshtaki Bibi kwa msimamizi kwa sababu ya kinu. Bibi naye alimtupia maganda ya ndizi mlangoni, kisha anasimama pale pale na kushangaa nani ametupa uchafu. Hawakuwa na lugha moja ya kutukanana, lakini walielewana vizuri sana.

Mimi nilimpenda yule mzee. Nasema hivyo ili usije ukadhani nilikuwa naye kwa bahati mbaya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na chumba chake kilikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, yaani kimya. Alinipa chai ya rangi yenye kipande cha limau na biskuti za tangawizi, akanifundisha hesabu, akaninyooshea Kiingereza, na kila tulipomaliza alinisimulia meli.

Kwao kuna mto mkubwa unaitwa Vistula. Zamani, kabla reli na malori hayajashika kila kitu, mto ule ulikuwa na meli za mvuke zenye gurudumu la makasia kila ubavu, mawili makubwa, yakichapa maji mpaka nyumba za ukingoni zinatikisika. Mto wenyewe hauna kina, na mchanga wake unahama, ramani ya mwaka jana ni uongo wa mwaka huu. Kwa hiyo meli zilijengwa bapa chini, na mbele kabisa alisimama mtu mwenye mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, akiuchoma majini na kupaza sauti kutaja kina. Dohani lilikuwa na bawaba, likalazwa wakipita chini ya daraja, likasimamishwa tena. Wanawake walipanda na vikapu vya matofaa na mabata bukini kwenda kuuza Warszawa, na Jumapili walipanda watu waliovaa vizuri, na bendi. Vita ikaja, meli zikazama. Baada ya vita wakazivuta kutoka chini ya mto, wakakwangua kutu, zikatembea tena. Mwisho zikazeeka, zikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Baba yake, alisema, alikuwa nahodha.

Alichonga mfano wa meli ile kwa mbao za masanduku ya chai, mrefu kama mkono wangu, na magurudumu yakizunguka kweli. Lakini fahari yake ilikuwa honi. Honi halisi ya shaba iliyotoka kwenye meli ya baba yake. Aliiunga kwenye mtungi wa upepo wa kujazia matairi, na kila Jumapili saa sita kamili aliipuliza barazani. Ilianza chini, nzito, halafu ikapanda. Watu wa mtaani waliinua vichwa, madereva walijibu kwa honi zao, watoto walipiga makofi. Bibi peke yake alitoka na sufuria na mwiko, akaipiga ile sufuria kwa hasira mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza.

"Weye Muzungu! Funga iyo makelele! Nani amekuambia sisi ni watu wako?"

Mimi nilikufa kwa kicheko. Nilidhani ni vita vyao vya kawaida, kinu kwa honi. Sikujiuliza kwa nini, honi ikilia, Bibi aliacha chakula katikati hata kama tonge liko mkononi. Wakati mwingine nilimwomba mzee aipulize tena, ili nimwone Bibi akitoka. Mtoto ni mshenzi, tusidanganyane.

Sasa nikupe jambo lenyewe. Mwaka huo, 2015, Johannesburg haikuwa mahali pa kutangaza umetoka wapi. Maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa, na shuleni wenzangu waliniita kwerekwere, tusi lao kwa mgeni, nikikosea neno moja la isiZulu. Nilijifunza kupita koridoni bila kutamka kitu. Mama akinipigia simu, nilijibu Kiswahili chake kwa Kiingereza. Sikutaka mtu aje shuleni kwa ajili yangu, hasa Bibi, na vitenge vyake vya ndege wakubwa na sauti yake ya kuvuka mto.

Mwezi wa tisa mwalimu wetu akatoa barua. Kwa siku ya urithi kila mtoto alete mzee wa nyumbani kwao aje kusimulia maisha ya zamani, na chakula cha kwao kikiwepo, vizuri zaidi. Barua niliificha ndani ya kiatu cha zamani. Siku hiyohiyo nilivuka kwa Mzee wa Polandi na kumwomba aje yeye. Alifurahi mpaka masikio yakawa mekundu. Alifua shati mwenyewe.

Sikujua kwamba Mama alikiokota kile kiatu akipeleke kwa fundi.

Darasani nilimtambulisha kama babu yangu wa jengoni. Wenzangu wakanyamaza kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kabla wala baada. Akaweka sanduku mezani, akatoa meli, akazungusha magurudumu, akasimulia mchanga unaohama na dohani linalolala. Nilisimama kando yake nikiwa nimenyoosha shingo. Kisha akafungua mtungi, honi ikalia, madirisha yakatetemeka, darasa likapiga kelele za furaha. Na mlango ukafunguliwa.

Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Kichwani sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na nilijua kwa harufu ni sombe na makayabu. Alikuwa anahema kwa ngazi, na jasho limemtoka. Hakumtazama mwalimu, hakunitazama mimi. Aliitazama honi.

"Ile honi naijua," akasema kwa Kiswahili, sauti yake yote, kama yuko kwake. "Batoto, kaeni. Miye nitawaambia kazi yake."

Darasa likacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani. Msichana wa nyuma yangu akauliza, huyo ni nani? Mwalimu, mtu mpole kweli, akanigeukia. "Unaelewa lugha yake? Anasema nini?"

Rafiki yangu, nilikuwa na nafasi. Ningeweza hata kukaa kimya. Lakini mdomo wangu, si nimekwambia. Kwa Kiingereza kile kizuri nilichonyooshewa na biskuti za tangawizi, nikasema: huyu ni mfanyakazi wa ndani wa babu, amekuja kumbebea vitu.

Hakuna aliyeshangaa. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Mzee wa Kizungu, mama wa Kiafrika mlangoni, katika mji huu nani angeuliza swali la pili? Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha Bibi kiti cha pembeni. Mzee wa Polandi alinitazama, akamtazama Bibi, ambaye alimjua vizuri kuliko alivyowajua watoto wake mwenyewe. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akaanza kupangusa honi kwa kitambaa.

Bibi hakujua Kiingereza, lakini neno lile alilijua. Mwaka wake wa kwanza hapa alifua nguo kwenye nyumba za matajiri wa Sandton, na ndivyo walivyomwita, siku zote, kana kwamba hakuwa na jina. Aliitua sufuria kwenye meza ya mwalimu, akavua kitambaa chake cha kichwani mbele ya darasa zima, mvi zake zote nje, akakizungusha kuwa kata, akakiweka utosini. Akapakia meli, honi na mtungi ndani ya sanduku, akafunga kifuniko, akalijitwika.

Mzee akasema no, no, mama.

Tulitembea mitaa sita. Mimi na mzee mbele, Bibi hatua tatu nyuma, kama inavyotakiwa. Kwenye robot, taa za barabarani, tukasimama, naye akasimama. Nilirudi nyuma kumsaidia, akanipita bila kunitazama. Ngazi zote nne alizipanda na sanduku lile, mwanamke wa miaka sabini, na nilisikia pumzi yake ikikwaruza. Mlangoni kwa mzee alipiga goti moja, akalitua taratibu, akasema kuuambia ule mlango:

"Kuni zimefika."

Akaingia kwetu. Sufuria ilibaki shuleni, sikuirudia kamwe.

Jioni ile Mama alinisuka huku akinivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, na hakuomba radhi. "Mwacha asili ni mtumwa," akasema. "Sasa sikia kidogo ninachokijua, maana mimi mwenyewe Bibi yako alinipa kidogo."

Baba yake Bibi alikuwa mkata kuni kwenye gati dogo, chini ya Kindu. Mto wao nao ulikuwa na masuwa, ndivyo wanavyoita meli huko, zenye gurudumu kubwa la makasia nyuma. Hazikula makaa, zilikula msitu. Kila gati familia ziliamriwa kukata kuni na kuzipanga ukingoni. Honi ikisikika nyuma ya kona ya mto, kila mtoto huacha alichoshika, hata tonge, na kukimbia kubeba. Mtoto akifika na mzigo hutua na kusema, kuni zimefika. Karani wa meli hushuka na fito yake, anapima urefu na kimo cha lundo, na karibu kila mara husema neno moja: hazitoshi. Basi mnarudi porini. Siku moja alisema hivyo mara tatu. Mara ya tatu baba yake Bibi alirudi peke yake, amechoka, na mti ukamwangukia. Meli haikungoja.

"Ndiyo hayo tu," Mama akasema. "Jinsi walivyomtoa chini ya mti, na nani aliyebeba zile kuni baadaye, na mama yao alimfanya nini yule karani, miye sijui. Hayo alikuwa anakuletea weye. Wiki nzima aliyapanga kichwani. Aliniuliza kama watoto wa huku wanaogopa habari za kifo."

Jumapili iliyofuata Mzee wa Polandi aliipuliza honi yake saa sita kamili, kama kawaida. Nilimchukia hapo, na sikurudi tena kwa chai yake. Bibi hakutoka na sufuria. Aliweka tonge chini, akakaa ameshika magoti mpaka ikanyamaza. Ningetoa chochote nimsikie akitukana.

Nilimwomba msamaha, usidhani sikuomba. Nilipiga magoti, nililia, nilimfulia, nilijifunza kupika sombe. Akaniambia yamekwisha, mama, inuka. Na kwa kila kitu yalikwisha kweli. Alinipenda, alinigombeza, alinifichia nyama. Lakini nikimuuliza habari za mto, jibu lilikuwa moja, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza duka: "Habari za meli si ulikwisha kupewa na babu yako? Miye ni mfanyakazi tu wa ndani." Kisha ananiuliza nimekula nini. Miaka kumi, rafiki yangu. Nimejaribu kwa utani, kwa zawadi, siku alipolazwa hospitali. Babu yako, babu yako.

Mzee alipelekwa nyumba ya wazee mwaka 2019. Nilimsikia akigonga kwetu asubuhi ile, mara tatu, mara nne. Nilikuwa nyuma ya mlango na sikufungua.

Basi Ijumaa nikalifungua sanduku lake pale stooni, msimamizi akinisimamia na funguo mkononi. Meli ilikuwepo, gurudumu moja limeng'oka. Honi imegeuka kijani. Chini kabisa daftari, historia yote ya meli za mto wake, imeandikwa kwa Kiingereza rahisi ili mimi niielewe, na michoro. Nililipekua nikimtafuta Bibi. Nilitaka hata nusu mstari: jirani yangu, ambaye naye alikuwa na mto. Hakuna. Nikakuta ukurasa wa mabaharia, kila mmoja kachorwa na kazi yake. Nahodha na kofia. Mwenye mti wa rangi. Mpishi. Chini, ndani ya tumbo la meli, mtu mdogo mweusi kwa masizi, ana koleo, anachochea moto. Pembeni yake, kwa herufi ndogo sana: baba yangu.

Nahodha gani! Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, msimamizi akanitazama. Mzee yule alijua. Siku ile darasani alijua kabisa nimefanya nini, kwa sababu naye alikuwa akikifanya kila Jumapili saa sita, barazani, mbele ya mji mzima. Angeweza kunishika mkono. Hakunishika. Simsamehi, na sioni kwa nini nijilazimishe.

Jengo watalibomoa au watalipaka rangi, sijali. Meli za mto wake zimekwisha, masuwa za kuni za mto wetu zimekwisha, na mama wa amagwinya hayupo. Vyote hivyo vina mtu wa kuvililia. Kilichopotea kwangu mimi ni asubuhi moja, mwanamke amesimama mlangoni na hadithi aliyoipanga wiki nzima, na mimi nikaifungia mlango kwa neno moja.

Nilivua skafu yangu, nikaizungusha kuwa kata. Sikuchukua teksi. Kutoka Marshalltown mpaka Rosettenville, anakokaa Bibi na Mama sasa, ni mwendo, na njia ina mlima. Kwenye kila robot watu walinitazama, msichana wa ofisi na viatu vya ofisi, sanduku kichwani. Shingo iliniuma mpaka nikaona nyota mchana. Nilipumzika mara tano. Yeye hakupumzika hata mara moja, na alikuwa na sabini.

Nilimkuta uani anachambua sombe. Ana themanini, macho yameingia ukungu, lakini sanduku alilijua kabla sijalitua. Nilipiga goti moja, nikalishusha mbele yake.

"Kuni zimefika, Bibi."

Alifuta mikono kwenye kitenge, akasimama kwa shida, akalizunguka. Akalipima kwa shubiri, urefu, kisha kimo, midomo ikihesabu. Alipomaliza akaninyooshea kidole kule nilikotoka.

"Hazitoshi," akasema.

Nikamuuliza nirudi wapi.

"Porini," akasema Bibi, akakaa kwenye kigoda chake na kuchukua jani lingine. "Kwani sisi tulikuwa tunarudi wapi?"